Siku Niliyofunga Nyuzi za Makumbusho

Mgeni wa heshima alipoingia kile chumba cha sanaa cha makumbusho, na watu wote nyuma yake, mimi nilikuwa nimeketi sakafuni upande wa ndani wa kamba, viatu nimevua nimeviweka pembeni, suti yangu ya kanisa imejaa vumbi la mashine, uzi mwekundu unaning'inia mdomoni kama mbuzi aliyeshikwa kwenye shamba la mtu, na juu ya kichwa changu kulikuwa na ndege mkubwa wa nyuzi aliyebaki na bawa moja, maana lile bawa lingine ndilo nilikuwa nalo mdomoni. Mpiga picha akapiga picha. Mimi hata salamu nilishindwa kujibu kwa sababu ya ule uzi.

Aibu hiyo sijawahi kuona tena, na naandika habari yake mwenyewe ingawa shule yangu iliishia darasa la tano huko Bungoma, kwa hivyo mkiona nimeruka mahali mnisamehe. Sikutaka mtu aniandikie. Mara ya mwisho mtu mwingine kuandika habari zangu ndiyo ilileta shida yote.

Nianze hapo basi. Zamani nilikuwa mfumaji kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa Thika, sisi wafanyakazi tulikiita Pamba tu, kilishafungwa na mashine zikauzwa vyuma vikuukuu. Nilikuwa na mashine namba kumi na nne. Kila mashine ilikuwa na meno ya chuma ubavuni, makubwa kama sahani, na juu ya meno kunatakiwa kuwe na kifuniko cha bati, ile tulikuwa tunaita kava, inashikwa na bolti nne. Sasa vumbi la pamba likijaa ndani ya kava inabidi usimamishe mashine, ufungue bolti, usafishe, ufunge tena, na msimamizi wetu wa zamu, Kamande, hakupenda mashine isimame kwa sababu alitaka zamu yake iwe ya kwanza kila wiki. Akatoa kava. Si yangu peke yangu, alitoa za laini nzima, yaani mashine zote za mstari wetu, na tukimuuliza anasema nyinyi ni watu wazima, mikono yenu mnaijua.

Basi Machi moja uzi ulikatika pembeni, nikaingiza mkono wa kushoto kuufunga kama nilivyofanya mara elfu, na meno yakachukua vidole vitatu. Nilibaki na gumba na kile kidogo. Nikiwa bado na bandeji karani Mutua aliletwa na kitabu chake kikubwa, Kamande amesimama anamtajia, naye anaandika bila kuinua macho, ati mfanyakazi alifungua kava ya mashine mwenyewe bila ruhusa, uzembe. Nikawekwa kidole kwenye wino. (Jina langu nilijua kuandika, lakini hakuna aliyeuliza.)

Hilo neno uzembe lilitoka nje ya geti pamoja na mimi. Viwanda vingine vilikuwa vimelisikia kabla sijafika. Hata kanisani, miaka yote hii, nikibeba sufuria ya chai kuna mtu atakuja anipokonye kwa upole, ati lete nikusaidie Mama Nafula, na mimi najua anaogopa nitaimwaga. Mtu akikuonea huruma kwa njia hiyo kila Jumapili, unazeeka na hasira tumboni. Mutua tulikutana sokoni baadaye akaniomba msamaha, akasema aliandika alichoambiwa, nikamsamehe na yakaisha. Kamande hakuwahi kuomba kitu.

Sasa mwaka huu Rhoda akanipigia simu. Rhoda ndiye alikuwa na mashine kumi na tano, tulifuma tukiangaliana miaka sita, ndiye aliyevua leso yake akanifunga mkono siku ile, na sasa anakaa Ruiru kwa mtoto wake. Akaniambia, Mama Nafula, ile stoo ya zamani ya pamba karibu na reli imefanywa makumbusho, mtu aliokoa vitu vya kiwanda, na kile kitabu cha Mutua kiko huko ndani ya kioo, na unajua kimefunguliwa ukurasa wa nani? Nikauliza, wa nani? Akasema, wako.

Haikuwa ubaya. Anayelinda ile nyumba ni mwalimu mstaafu, Mwalimu Gathoni, na alichagua ukurasa ule kwa sababu ndio ulioandikwa kwa mwandiko safi. Rhoda alipomweleza kuwa yale maneno ni uongo, mama wa watu alishtuka kabisa, akasema yeye hakuwepo, hawezi kubadilisha historia kwa kuambiwa na mtu mmoja, lakini siku ya kufungua chumba cha sanaa cha juu watu wa mji watakuja, na wazee wa kiwanda watakuja, na nije niseme mbele yao. Wakiniamini ataandika kadi mpya iwekwe chini ya ule ukurasa. Mimi nilitaka hiyo kadi. Kipande cha karatasi tu kiseme si uzembe, watoto wa shule wasome, na mjukuu wangu akipita hapo asinione mjinga.

Kwa hivyo mnaelewa nilivyojiandaa. Nilitoka kwangu Makongeni asubuhi kwa miguu nikafika kabla hata viti havijapangwa. Mwalimu Gathoni akanipokea kwa mikono miwili (na alishika huu wa kushoto bila kusitasita, watu wengi huwa wanautafuta wa kulia haraka haraka), akasema, "Karibu Mama Nafula, hii nyumba ni yako, zunguka uone." Na hapo ndipo kosa lilianzia, maana mimi ukiniambia nyumba ni yangu, naamini.

Nikazunguka. Nawaambia ukweli, sikujua mji wetu una mambo mengi hivyo. Kuna picha za maporomoko ya maji wakati hakuna nyumba hata moja karibu, kuna taa ya mtu wa reli, kuna mashine ya mkono ya kumenya kahawa, kuna aproni ya gunia na glavu za mama aliyekuwa akivuna mananasi, zimechanika kwenye vidole vilevile ambavyo za kila mtu huchanika. Kuna king'ora chetu chenyewe, kile kilichokuwa kinatuamsha Makongeni nzima, sasa kimekaa kimya kwenye meza kama paka aliyeshiba. Nilikigusa kidogo. Kuna kamba ya mkonge imeviringwa vizuri juu ya meza, imewekewa kadi inasema ni kazi ya mikono ya wenyeji, nikafikiri, kumbe hata kamba ina heshima yake hapa. Kuna na picha ya Kamande kijana, ameshika saa, na chini wameandika msimamizi aliyewalea wafanyakazi wake. Hiyo nilipita.

Halafu nikafika kwenye kioo. Nikasoma ukurasa wangu, na alama ya kidole changu iko hapo chini, nyeusi kabisa kama ya jana. Nikaona nikikaa pale mpaka wageni waje nitalia na nisahau maneno, nikapanda ngazi kwenda juu ili moyo upoe.

Juu ndiko sanaa. Picha za rangi, mabati ya Makongeni mvua ikinyesha, wanawake wanachota maji mto wa Ruiru, nzuri sana, na katikati ya chumba, peke yake, mashine namba kumi na nne.

Mashine yangu. Nilidhani ilishayeyushwa zamani kuwa sufuria. Nikasimama nikasikia harufu ya yale mafuta, na nikaona nyuzi zake zote nyeupe zimetandwa, na karibu nusu zimekatika, zinaning'inia. Ukutani kulikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza, na Kiingereza changu mimi ni cha kutofautisha choo cha wanaume na cha wanawake. Mbele yake walikuwa wamefunga kamba ya mkonge kutoka kigingi hadi kigingi, na kwa vile nilikuwa nimetoka kuona kamba chini ikiwa na kadi yake, nikajua hii ni kamba nyingine ya maonyesho. Nikainama nikapita chini yake kwa adabu ili nisiiguse.

Wale waliofanya kazi ya kufuma watanielewa. Ukiona uzi umekatika hupiti. Hata kama si mashine yako, hata kama umetoka zamu na mkoba uko begani, unasimama unafunga, na mtu akikuona umepita unasemwa mwezi mzima kwamba umeoza. Sasa mimi niliyeandikwa mzembe, ningewaacha wageni waje wakute mashine yangu iko hivyo? Nikasema nitafunga mmoja tu.

Vidole vikakumbuka. Kwa mkono wangu huu lazima ushike ncha moja kwa meno, ndivyo nilivyojifundisha nyumbani kwa kufunga nyuzi za magunia, na fundo likatoka dogo kama chembe ya mtama, ukilipitisha kidole hulisikii. Jamani nilifurahi. Nikafunga wa pili. Nikavua viatu nikae vizuri. Wa kumi hivi nikaona ncha ni fupi hazifikiani, inahitaji uzi wa kuunganishia, nikaangalia huku na huku, na juu yangu kulikuwa na ndege wa uzi mwekundu ametundikwa kwenye dari, uzi mmoja umetokeza kwenye bawa. Nikauvuta kidogo nikaukata kwa meno. Nikavuta tena. Kila nikivuta yule ndege anashuka kidogo na kugeuka kama anataka kuona ninafanya nini, nami nikawa namwambia subiri, bado kidogo tu. Sikusikia ngazi, sikusikia hotuba ya chini, sikusikia kitu. Nilikuwa zamuni.

Basi hapo ndipo mlango ukajaa watu, na mpiga picha akapiga picha.

Aliyepata sauti kwanza ni msichana mmoja mwembamba mwenye rasta. Alipita katikati ya watu akasimama kwenye kamba akashika kichwa. Huyo ndiye Njeri, anakaa mtaa wa Kahawa Sukari, ndiye msanii mwenyewe, na ile mashine ilikuwa kazi yake ya karibu mwaka mzima. Aliinunua kwa wauza vyuma wa Ruiru, akatembea nyumba kwa nyumba akitafuta majina ya watu wote waliowahi kuumizwa kiwandani, na kwa kila jina akakata uzi mmoja kwa makasi. Hayo ndiyo yalikuwa kwenye yale maelezo ya Kiingereza. Na mimi nimewafunga wote kasoro wachache, tena kwa bawa la ndege wake.

Mwalimu Gathoni alipoanza kunitafsiria hayo polepole, nilitaka sakafu ifunguke. Na kabla hajamaliza nikasikia fimbo inagonga mbao, watu wanapisha, na Kamande akaja mbele. Amezeeka, ana kofia nzuri, kumbe ndiye aliyewapa zile picha za chini na alikuwa amealikwa kama mzee wa kiwanda. Akaniangalia pale sakafuni, akamgeukia mgeni wa heshima akasema kwa ule upole wake, "Ndiye huyo niliyekuwa nakueleza. Mkono wake hautulii. Akiona kitu lazima akiguse. Na ndivyo alivyokatwa."

Watu wengine wakacheka kidogo. Nami nikaona kadi yangu inaondoka. Miaka yote nimengoja siku ya kusema, na imefika, nimekaa chini na uzi mdomoni, na kila mtu anaona kwa macho yake kwamba kile kitabu kilisema kweli. Hata mimi mwenyewe kwa dakika moja nilikiamini.

Mwalimu Gathoni akaniuliza, "Mama Nafula, ulikuwa unafanya nini?"

Nikatoa uzi mdomoni. "Zilikuwa zimekatika," nikasema.

Hapo wakacheka vizuri. Lakini Njeri hakucheka. Alikuwa amepita chini ya kamba amechuchumaa karibu nami, anapitisha kidole kwenye nyuzi, anatafuta mafundo na hayaoni. Akaangalia mkono wangu. Akaniambia, "Aunti, umefunga hizi zote na vidole saba?" Nikasema ndiyo, na nikaanza kumwomba msamaha, nikamwambia nitafungua zote nirudishe ndege bawa lake, akasema, "Wacha kwanza. Nionyeshe vile mnafanya."

Nikafunga mmoja polepole aone. Akasema nimwonyeshe ule wa pembeni, wa mwisho kabisa. Nikamwambia huo unaupata kwa kupitisha mkono hapa ubavuni, naye akaingiza mkono wake mwenyewe kama nilivyomwonyesha, halafu akatulia, kwa sababu mkono ulikuwa umelala moja kwa moja juu ya meno.

"Na hapa hakukuwa na kitu cha kuzuia?" akauliza.

Nikasema kulikuwa na kava, ilitolewa. Kamande akasema kwa sauti kwamba ilitolewa na mimi mwenyewe siku ile ya Machi, na imeandikwa. Hapo ndipo Rhoda, ambaye alikuwa amekwama nyuma ya watu kwa sababu ya magoti, alifika. Hakunisalimu hata. Aliinama kwenye ubavu wa mashine, akatafuta kwa kidole yale matundu manne ya bolti, akaita, "Mwalimu, njoo uangalie rangi."

Ngojeni nieleze hili vizuri kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Kiwanda kilikuwa kinafungwa kila Krismasi kwa likizo, na wakati huo mashine zinapakwa rangi. Krismasi ya mwisho kabla sijakatwa zilipakwa kijani, na hiyo ndiyo mara pekee ya kijani, kila aliyefanya kazi pale anajua. Krismasi iliyofuata, mimi nikiwa nyumbani na mkono wangu, zikapakwa bluu mpaka kiwanda kikafa. Sasa Mwalimu Gathoni, yeye ambaye ameandika kila mahali usiguse, alichomoa pini kwenye nywele zake, akapiga magoti na gauni lake zuri, akakwaruza ndani ya tundu la bolti. Bluu ikatoka. Chini yake kukawa na kijani. Akakwaruza la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo.

Kama kava ingekuwa imefungwa Desemba ile, kijani kingeingiaje ndani ya tundu?

Kamande akasema wapaka rangi walizitoa ili wapake, wakarudisha. Rhoda akaweka kidole kwenye tundu. "Bolti ikirudi inang'oa rangi, Kamande. Hii haijang'oka. Hii bolti haikurudi."

Watu wote wakageuka, na safari hii si mimi waliyekuwa wananiangalia. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa zamu ya usiku akasema polepole kutoka nyuma kwamba hata kava za mashine zake zilitolewa, kwamba laini ile yote ilikuwa wazi tangu Septemba, kwamba aliogopa kusema. Kamande akatazama saa yake, akasema ana dawa ya presha ya kumeza, akashuka ngazi. Tulisikia ile fimbo mpaka ya mwisho.

Mgeni wa heshima, Mungu ambariki, alipita chini ya kamba akanipa mkono nisimame, na kwa vile miguu ilikuwa imekufa ganzi nikamwangukia kifuani, nikamwachia vumbi la mashine kwenye koti jeupe. (Hiyo ilikuwa aibu ya pili, na picha yake pia ipo.) Njeri naye nilimwambia tena nitafungua nyuzi zake. Akakataa kabisa. Alikaa anaangalia ile mashine, nyeupe na vile viungo vyekundu vinapita katikati kama kovu, akasema alikuwa amekata tu, hakuwa amejua afanye nini baada ya kukata. Zimebaki hivyo hivyo mpaka leo. Ndege naye amebaki na bawa moja, watoto wanampenda zaidi.

Na kadi nimepata. Mwalimu Gathoni aliiandika jioni ileile kwa mkono wake, na aliniita niisome kabla ya kuibandika, akaniuliza kama kuna neno sitaki. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Inasema kava ya mashine namba kumi na nne ilitolewa miezi mingi kabla ya ajali, kwamba mfumaji alikuwa akifanya kazi yake kama alivyofundishwa, na jina langu limeandikwa lote, la baba pia. Ile sifa chini ya picha ya Kamande imeondolewa, amebaki yeye na saa yake.

Ninashukuru, na sisemi hivyo kwa mdomo tu. Namshukuru Rhoda na magoti yake. Namshukuru Njeri ambaye angeweza kuniitia polisi. Namshukuru yule mwalimu kwa pini yake, na waliookoa vyuma vyetu visiyeyushwe, maana mimi nilikuwa sina shahidi duniani isipokuwa mashine iliyonikata, na wao ndio walioitunza mpaka ikasema. Jumamosi nakwenda pale, nimewekewa kiti, wanafunzi wakija nawaonyesha fundo. Nendeni na nyinyi, mtaona mambo. Lakini msiguse kitu. Mimi siku hizi hata kalamu ya kutia sahihi kitabu cha wageni naiomba kwanza, na kamba ya mkonge nikiiona mahali popote, hata ya kufungia ng'ombe, nasimama nauliza.

Limebaki moja. Kadi inasema kava ilitolewa, haisemi na nani, kwa sababu Mwalimu anasema lazima mwenyewe aseme. Kamande, najua uko Ngoliba na mbuzi zako, na najua hii itasomwa mpaka kwako. Makumbusho iko wazi Jumanne mpaka Jumamosi. Ngazi si ndefu, ulizishuka mbio. Njoo usimame mbele ya ile mashine utueleze ni nani alikutuma kutoa kava, au ulijituma mwenyewe, na kwa nini ulimtajia Mutua uongo mimi nikiwa bado natoka damu. Sitaki barua, sitaki umtume mtoto wako na pole. Nataka unijibu kwa mdomo wako, na watu wakiwepo.